Usiiondoe Meli Mama, Ibadilishie Kazi

Swali lililonifikia, pamoja na mswada na maelezo ya meli, kwa ufupi ni hili: "Shikamoo mwalimu. Naandika riwaya ya bunilizi ya kisayansi kuhusu vita kati ya makoloni ya sayari mbili. Nina meli moja yenye urefu wa kilomita 2, inabeba vyombo vidogo vya vita 300, kila kimoja na rubani wake. Mwenzangu anayesoma fizikia amesema meli hiyo haina maana, kwa sababu angani kombora lingefanya kazi yote ya rubani kwa gharama ndogo. Je, niiondoe? Na nikiibakiza, niijengeje?"

Marahaba, mwanangu. Usiiondoe. Mwenzako amepiga hesabu vizuri, lakini amehesabu safari ya kwenda peke yake. Mimi nimekula chumvi nyingi kwenye vyumba vya injini vya meli za mizigo, na miaka hii nasoma miswada ya vijana wanaoandika habari za anga. Karibu kila mswada una meli kama yako, na karibu kila mmoja unaifanya meli hiyo kuwa bunduki kubwa yenye risasi zinazoendeshwa na watu. Hapo ndipo mwenzako anapokushinda.

Tuanze na haki yake. Manowari za kubeba ndege zilitawala bahari kwa sababu dunia ni mviringo. Mlinzi aliyepanda mlingoti wa mita 30 anaona meli nyingine iliyo umbali wa takriban kilomita 20, basi. Ndege iliyo mita 3,000 juu inaona karibu kilomita 195. Mwenye ndege alimwona adui mapema na kumpiga kabla mizinga ya adui haijapata kazi. Mei 1942, katika mapigano ya Bahari ya Matumbawe, sehemu ya Pasifiki, makundi mawili ya manowari, ya Marekani na ya Japani, yalipigana bila meli za upande mmoja kuziona za upande wa pili. Kazi yote ilifanywa na ndege.

Picha hiyo ya Pasifiki ndiyo iliyohamia angani. George Lucas alipotengeneza filamu ya vita vya anga, Star Wars ya 1977, yeye na wahariri wake waliunganisha vipande vya filamu za ndege za Vita Kuu ya Pili viwe kiolezo cha mapigano yao. Ndiyo maana vyombo vile vinakata kona kama ndege zenye mbawa, mahali ambapo hakuna hewa ya kuegemea. Sisi sote tuliokulia kwenye picha zile tumezirithi bila kuuliza.

Angani hakuna upeo wa macho, isipokuwa ukiwa karibu na sayari, ambako upande wa pili umejificha. Meli yenye injini inayowaka inatoa joto, na joto linaonekana kutoka mbali sana kwa sababu nyuma yake pana baridi kali na giza. Kwa hiyo sababu ya kwanza ya manowari ya kubeba ndege, kuona ng'ambo ya mkunjo wa dunia, imepungua uzito.

Halafu kuna mafuta, na hapa naomba utulie na kalamu. Chukua injini ya hidrojeni na oksijeni, ambayo gesi yake hutoka kwa kasi ya takriban kilomita 4.4 kwa sekunde. Unataka chombo kimfikie adui kwa kasi ya kilomita 2 kwa sekunde. Kombora linawasha injini mara moja, linakwenda, kazi imekwisha. Katika kila tani 10 za kombora hilo utakapolirusha, mafuta yatakuwa kama tani 3.6. Sasa mweke rubani. Anaongeza kasi kwenda, anavunja kasi akifika, anaongeza kasi kurudi, anavunja tena ili asipitilize nyumbani. Angani hakuna breki wala msuguano, kila badiliko linalipiwa kwa mafuta. Kilomita 2 zimekuwa 8, na katika kila tani 10, mafuta ni tani 8.4 hivi. Tani 1.6 iliyobaki ndiyo tangi, injini, kiti, hewa, silaha na mtu mwenyewe. Hesabu hizi zinapanda kwa kuzidishana, ndiyo sababu kurudi kunakula kiasi hicho.

Ukitazama hivyo, utakubaliana na mwenzako: kama kazi ni kupasua kitu, peleka kombora. Vyombo vyako 300 vikitumwa kupasua tu, umechagua makombora ghali.

Lakini jiulize: ni kazi gani inayohitaji chombo kirudi? Hapo ndipo meli mama inapopata mkate wake. Kitu kinachokwenda kisirudi hakihitaji mama, kinahitaji mrija wa kukirushia. Mama anahitajika kwa kile kinachotoka, kikaleta kitu, kikatengenezwa, kikatoka tena.

Nikupe mfano wa kwetu, kwa sababu mambo haya hayakuanzia Pasifiki. Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja, kisha ikajificha ndani ya delta ya Rufiji. Waingereza walikuwa na mizinga ya kutosha kuimaliza, wasichokuwa nacho ni macho. Mikoko ilifunika kila kitu, na aliye baharini hakuweza kujua makombora yake yanaangukia wapi. Wakaleta ndege, wakazitengenezea uwanja kisiwani Mafia, na wakaingiza mtoni manowari mbili za kina kifupi, Severn na Mersey. Jaribio la tarehe 6 Julai 1915 halikufanikiwa. Tarehe 11 wakarudi. Ndege ikazunguka juu ya mikoko, ikituma kwa simu ya upepo, kama wazee walivyoiita redio: mbele kidogo, kulia kidogo. Ikapigwa, injini ikaharibika, nayo ikiwa inashuka kuelekea majini aliyekuwa ndani akaendelea kutuma masahihisho, hadi makombora yakaanza kuiangukia Königsberg. Ndege yenyewe haikuangusha bomu lililoimaliza meli ile. Ilitazama, ikasema.

Basi kazi ya kwanza ya vyombo vyako iwe hiyo. Jicho moja kubwa kwenye meli mama litaona alama ya joto, lakini halitaweza kwa urahisi kutofautisha meli ya kweli na chambo cha chuma kilichopashwa moto. Macho sita yaliyotawanyika maelfu ya kilomita yanapima umbali kwa kulinganisha pembe, kama macho yako mawili yanavyokuambia kikombe kiko wapi mezani. Na sayari ikiwa katikati, atakayekuambia kilicho nyuma yake ni chombo ulichokipeleka huko.

Kazi ya pili wanaoandika vita huisahau: ukaguzi. Mbele yenu ipo meli ya mizigo, inasema imebeba mbegu za mpunga na watoto 40. Kombora haliwezi kugonga mlango na kuomba hati. Lazima watu waende, wafungue, wanuse, watazame watu machoni, warudi na jibu. Majeshi ya majini hufanya kazi hiyo wakati wa amani, na hata wakati wa vita haikomi. Kama ningekuwa wewe, sura nzuri kuliko zote kwenye riwaya hii ingekuwa hapo.

Ya tatu si kazi, ni sababu: mwanga wenyewe. Mwanga hukata takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Meli mama ikikaa kilomita 600,000 nyuma, anayeendesha droni kwa mbali anaona jambo sekunde 2 baada ya kutokea, na amri yake inafika sekunde nyingine 2 baadaye. Sekunde 4 ukiwa unakaribia meli ya watu wenye hofu ni muda mrefu mno. Kwa hiyo ama unaipa mashine ruhusa ya kuamua nani afe, ama unaweka mtu karibu. Mwenzako atasema mashine itaamua vizuri. Huenda, lakini kuna serikali ambazo hazitakubali, na kule kukataa kwao ni jambo la kisiasa unaloweza kuliandikia ukurasa mzima. Rubani wako atakuwa na sababu ya kuwepo isiyotegemea mkono wake kuwa mwepesi.

Ya nne ni rahisi: kama katika ulimwengu wako injini ya kuruka kutoka nyota hadi nyota ni kubwa na ghali, basi vyombo vidogo havina namna ya kufika bila kubebwa. Waandishi wengi wanategemea hii peke yake. Ni halali, ila haitoshi.

Sasa ujenzi. Umeniandikia kuhusu njia ya kurukia yenye urefu wa nusu kilomita na milango 40 ya kufyatulia. Sijaona mstari hata mmoja kuhusu kupokea. Mwanangu, historia yote ya meli hizi ni historia ya kupokea.

Agosti 2, 1917, rubani Mwingereza Edwin Dunning alitua juu ya manowari yao Furious ikiwa inatembea, mtu wa kwanza kufanya hivyo. Ndege ilikuja polepole ikipigana na upepo, na maofisa wenzake wakaikimbilia sitahani na kuikamata kwa mikono, kwenye mikanda iliyofungwa kwa ajili hiyo. Siku tano baadaye akajaribu tena, ndege ikaangukia majini, akafa. Mwaka uliofuata, Julai 19, 1918, ndege 7 aina ya Sopwith Camel ziliruka kutoka meli hiyo hiyo kwenda kituo cha Wajerumani cha Tondern, zikachoma Zeppelin mbili, meli-anga zinazoelea kwa gesi, ndani ya banda lake. Ushindi mkubwa. Lakini hakuna hata moja iliyorudi kutua juu ya Furious. Wengine walitua Denmark, wengine wakaangukia majini karibu na meli ili waokolewe, na mmoja akapotea baharini. Kufyatua walishakuweza, kupokea bado. Hata mwaka 1941 Waingereza waliweka ndege za Hurricane juu ya meli za mizigo, zikirushwa kwa roketi kutoka kwenye reli fupi. Rubani akishamaliza kazi anaruka kwa mwavuli au anaishusha ndege majini, akisubiri mtu amwokote. Kila ndege ilikuwa ya safari moja.

Jambo hili nalijua kwa mikono yangu. Boti ya uokoaji ya meli ya mizigo huteremshwa kwa dakika chache, hata mwanafunzi anaweza. Kazi ni kuirudisha. Bahari ina mawimbi mapana, boti inapanda mita mbili, inashuka mita mbili, na kulabu ya winchi, chuma kizito, inabembea usawa wa vichwa vyenu. Mmoja anashika kamba ya omo, yaani ya mbele, mwingine ananyoosha mkono kuikamata kulabu wakati boti iko juu ya wimbi, na lazima aitie kwenye pete kabla wimbi halijaondoka chini yenu. Akichelewa, kamba inakazwa ghafla na boti inarushwa. Nimeona vidole viwili vya mwenzangu vikibaki kati ya kulabu na pete. Kila mtu kwenye boti alikuwa amechoka, amelowa, kazi imekwisha, na sehemu ya hatari ndiyo kwanza inaanza.

Kwa hiyo anza mchoro wako pale chombo kinaporudi. Mfano ulio karibu zaidi na wako haukuwa baharini. Miaka ya 1930 jeshi la majini la Marekani lilikuwa na meli-anga mbili kubwa zenye gesi ya heli, Akron na Macon, zilizobeba ndege ndogo aina ya Sparrowhawk tumboni. Ndege ilirudi kwa kulinganisha kasi yake na ya mama, ikajitundika kwa kulabu iliyokuwa juu ya mbawa kwenye chuma kilichoning'inizwa chini, kisha ikavutwa ndani. Kwenye safari za Macon baharini walifika hata kuondoa magurudumu ya ndege hizo, mahali pake wakaweka tangi la mafuta, kwa kuwa hazikuwa na sababu ya kutua ardhini. Na kazi yao ilikuwa ipi? Kutazama mbali. Akron ilianguka Aprili 1933, Macon Februari 1935, zote kwa hali mbaya ya hewa, ambayo wewe huna angani.

Fanya hivyo hivyo. Futa njia ya kurukia, haina wa kuikimbilia. Manati ya mvuke kwenye manowari za leo huirusha ndege hadi takriban kilomita 270 kwa saa, yaani mita 75 kwa sekunde, kwa sababu mbawa zinahitaji upepo. Chombo chako kinahitaji mita 2,000 kwa sekunde. Manati ingekipa chini ya asilimia 4. Kisukume nje kwa springi, kama setilaiti zinavyoachanishwa na roketi zake, kisogee mbali, ndipo kiwashe injini. Ukikiwasha mlangoni, moto wake utaunguza mabawa ya kupoza joto ya meli mama, nitakayoyaeleza mbele.

Kupokea kufanywe na mkono. Kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, kinachokwenda karibu kilomita 28,000 kwa saa, vyombo kadhaa vya mizigo vimepokelewa hivyo: chombo kinakuja taratibu, kinasimama kama mita 10 kutoka kituoni, mkono wa roboti unanyooka na kukikamata. Kama sehemu ya meli yako inazunguka ili watu wapate uzito, weka gati kwenye mhimili, mahali pasipobembea. Na weka mikono zaidi ya mmoja, kwa sababu kuna siku mmoja utavunjika na nje kuna watu watatu wenye hewa ya dakika 20.

Banda la vyombo usilijaze hewa. Hili naliona kila mahali, mafundi wamevaa mikono mifupi na lango linafunguka. Banda la mita 100 kwa 40 kwa 20 lina mita za ujazo 80,000, na hewa yake ina uzito wa karibu tani 96. Kila ukifungua lango ama unaimwaga hewa hiyo ama unaipampu ndani ya matangi kwa saa nyingi huku adui akisubiri. Banda liwe la utupu, wazi, vyombo vimetundikwa kama popo, na pembeni pawe na karakana moja ndogo yenye hewa, inayotosha chombo kimoja tu, kwa kazi inayotaka vidole bila glavu. Hapo hapo umepata mgogoro: vyombo vitatu vimeharibika, karakana ni moja, fundi mkuu achague.

Utupu unakusaidia kwenye moto pia. Juni 4, 1942, huko Midway, mabomu ya Wamarekani yalizikuta manowari za Kijapani za kubeba ndege, Akagi, Kaga na Soryu, zikiwa na ndege zilizojazwa mafuta na silaha ndani ya mabanda yaliyofungwa. Mabomu yenyewe hayakuwa mengi, kilichozimaliza ni vilivyokuwa ndani. Juni 1944 Taiho, manowari mpya ya Japani, ilipigwa torpedo moja. Mvuke wa mafuta ukavuja, vipitishio vya hewa vikausambaza meli nzima, na saa kadhaa baadaye ikalipuka. Kwenye banda la utupu lililo wazi mvuke hutokea nje, wala hauna hewa ya kuwakia, ila mafuta ya roketi yanakuja na oksijeni yake, kwa hiyo yanaweza kuwaka popote yakikutana. Tenganisha matangi ya vitu viwili hivyo kwa urefu wote wa meli, kimoja omo, kingine tezi, yaani nyuma, na usiruhusu chombo kijazwe mafuta na silaha kwa wakati mmoja. Nahodha atakayevunja sheria hiyo kwa haraka ya vita, msomaji wako atajua linalokuja.

Rejeta. Meli yako haina, na bila rejeta watu wote wanapikwa. Angani joto haliondoki kwa upepo, linaondoka kwa kung'aa tu, kwa hiyo unahitaji mabawa makubwa ya kupoza. Kituo cha kimataifa huzungusha amonia kwenye mabawa ya namna hiyo. Ni mapana, ni mepesi kutobolewa, na hayawezi kukunjwa kwa muda mrefu. Yaelekeze ubavu kwa adui ili aone ukingo mwembamba. Ndiyo udhaifu wako wa kweli, na ndiyo sababu meli mama inakaa nyuma na kupeleka wadogo mbele.

Umetaka pia kuipa mizinga mikubwa ya kupigana na manowari za adui. Ninakushauri uache. Baada ya Midway, Wajapani walizigeuza manowari zao mbili za mizinga, Ise na Hyuga, wakaondoa mizinga ya nyuma na kuweka sitaha ya ndege. Ndege zingerushwa kwa manati, lakini sitaha ilikuwa fupi mno kuzipokea, zingetua kwingine. Hazikuwahi kupeleka ndege vitani kama ilivyokusudiwa. Weka silaha za kujilinda na makombora yanayokuja, na meli za kuisindikiza.

Mwisho ni idadi. Manowari ya Marekani ya aina ya Nimitz ina urefu wa mita 333, uzito wa karibu tani 100,000, watu wapatao 5,000, na ndege 60 na kitu. Ni watu 70 au 80 kwa kila ndege: wapishi, mafundi, waganga, wahesabu bohari. Vyombo vyako 300 vinataka mji wa watu zaidi ya 20,000, nawe una wahusika tisa. Punguza viwe 12. Meli iwe ya mita 400. Msomaji atavijua vyote 12 kwa namba na kwa tabia, kipi kinavuja, kipi kina kiti kibovu.

Sura yako ya saba ina kurasa nne za vyombo kuondoka na sentensi moja ya kurudi. Igeuze. Kwenye manowari za kubeba ndege wamekuwa na meza yenye mchoro wa sitaha, na juu yake vipande vidogo vyenye umbo la ndege, kila ndege na chake. Juu ya vipande wanaweka nati, bolti na pini kuonyesha hali ya kila moja. Mpe msimamizi wako meza hiyo, vipande 12, na saa ukutani. Tisa wamerudi, mikono imewakamata. Wawili wameonekana kwa mbali. Kipande cha kumi na mbili asikiondoe mezani mpaka hesabu ya mafuta iseme rubani huyo hana tena cha kuvunjia kasi, na dakika hizo uziandike moja moja.